Mkwe wa Babu kwenye Ukungu

Jumanne, 3 Desemba

Mzuka wa Kisiba ni mimi.

Haya, nimeandika. Sijamwambia mtu yeyote. Hata Doreen, rafiki yangu, ambaye huwa anajua mambo yangu kabla yangu.

Sikukusudia! Tangu nimalize mtihani wa kidato cha nne nachota maji saa kumi na moja na nusu alfajiri. Shangazi Tulinagwe anasema nimekuwa mchapakazi. Siyo. Nakimbia salamu. Ukienda chemchemini saa moja unakutana na watu njia nzima, na huku kwetu salamu haiishi kwenye "nzuri". Babu yako mzima? Ng'ombe wake je? Matokeo yanatoka lini? Yakitoka utafanya nini? Hapo ndipo naanza kuangalia vidole vyangu vya miguu. Ndoo moja ya maji, salamu arobaini. Bora giza.

Leo palikuwa na manyunyu na ukungu mzito. Nilivaa salfeti, ule mfuko mweupe wa mbolea — unasukuma kona moja ndani ya nyingine, inakuwa kofia inayoshuka mpaka kiunoni. Kila mtu hapa huvaa hivyo akiwa shambani. Nikiwa narudi nikasikia mtu anakohoa mbele yangu. Nikajua ni mmoja wa wale wa "utafanya nini". Nikatoka njiani, nikatua ndoo, nikachuchumaa katikati ya migomba, nikavuta salfeti usoni na kumpa mgongo.

Alikuwa Babu! Alitoka kumwangalia Maua, ng'ombe wetu mwenye mimba. Akasimama. Nilichungulia kwapani. Nikamwona anageuza uso pembeni, anaweka kiganja kwenye macho, anapita ukingoni kabisa mwa njia, harakaharaka, huku anasema kwa upole, "Ndaga. Ndaga." Yaani ahsante. Ahsante ya nini?

Nilipofika nyumbani alikuwa jikoni ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, hanywi. Akamwambia Shangazi, "Nimemwona mke wa mwanangu."

Mke wa mwanawe ni mama yangu. Alifariki nikiwa na miaka sita.

Nilimimina maji kwenye mtungi. Sasa ni saa mbili usiku na bado sijasema kitu.

Jumatano, 4 Desemba

Nimeelewa.

Ni ile mila. Zamani hapa mke wa mtoto hakutani macho na baba mkwe wake. Akimwona njiani anatoka njiani, anachuchumaa, anajifunika, anageuka. Na baba mkwe naye anageuza uso. Hawaongei, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Wengi wameacha, siku hizi wakwe wanapiga selfi pamoja. Lakini Babu Nsajigwa, pamoja na kwenda kanisani kila Jumapili, hili hakuliacha. Mama naye hakuliacha. Waliishi ua mmoja miaka tisa bila kuambiana neno.

Leo Shangazi alimwambia, Kaka yangu — (amemzidi Babu sauti, umri hapana, yeye ni dada yake mdogo, ni bibi yangu hasa, ila wote tunamwita Shangazi kwa sababu Baba alimwita hivyo) — macho yako yana ukungu kuliko hii milima, umeona mgomba mkavu. Babu akacheka. Akasema:

"Tulinagwe, mgomba mkavu hautoki njiani. Mzuka wa mtu baki ungenikalia katikati ya njia unitishe. Huyu alinipisha, akajifunika. Mzuka gani mwingine una adabu hiyo?"

Shangazi alikosa jibu. Shangazi! Hiyo peke yake ni ajabu kuliko mzuka.

Babu amekula ndizi sahani mbili. Tangu Pasaka hajala sahani mbili.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimeenda Tukuyu mjini kumnunulia Babu dawa ya macho. Nimebebwa na Andongwisye wa bodaboda, na njia nzima ameniambia habari zangu.

Mzuka una urefu wa nguzo ya umeme. Hauna miguu. Unatokea kwenye ziwa la hapa Kisiba, unatembea juu ya maji mpaka kwenye migomba. Yeye mwenyewe umemsemesha Kijerumani.

Nikapata ujasiri (nilikuwa nyuma yake, hanioni), nikamuuliza Kijerumani alikijuaje.

"Sikuelewa hata neno moja! Ndiyo nikajua ni Kijerumani. Wewe huogopi?"

Nikasema naogopa. Ni kweli, ila siyo mzuka.

Halafu nikapita kwa Bi Mwantum.

Niandike vizuri hapa, maana hili ndilo jambo langu kubwa. Bi Mwantum ni fundi cherehani karibu na soko. Wazazi wake walitoka Kilwa. Nilipokuwa kidato cha pili nilisubiri sare yangu kwake kuanzia asubuhi, nikaona aibu kukaa bure, nikashika sketi za wenzangu nikapinda pindo kwa mkono. Tangu siku hiyo kila nikifika mjini nakaa naye saa moja au mbili. Pale siongei na hakuna anayelalamika. Cherehani inaongea.

Leo alikuwa amezungukwa na vitambaa vya sare mpaka shingoni. Akaniambia: Ikupa, njoo ujifunze kwangu. Utalala na Suad wangu, Jumamosi utarudi kwenu. Kukata, kushona, mpaka suti. Nafasi ni moja, na kuna mama wa Kiwira ananiletea binti yake. Nataka jibu kabla ya Jumamosi ijayo. Na siyo jibu lako — neno la mkubwa wako. "Mimi siibi watoto wa watu."

Suad akasema, "Mama, huyu hata ukimchoma sindano atasema samahani. Atamwambiaje babu yake?"

"Kwa mdomo," akasema Bi Mwantum. "Anao. Nimeuona akila vitumbua."

Tulicheka wote. Nimecheka mpaka Kisiba. Nilipofika mlangoni kicheko kikaisha, maana Babu alikuwa amekaa pale, na ilikuwa zamu ya mdomo.

Nikampa dawa ya macho.

Jumapili, 8 Desemba

Babu amenyoa ndevu! Amevaa koti la harusi za watu. Baada ya kanisa amechukua kikombe cha maziwa ya mgando, ameenda kukiweka chini ya mgomba, pale pale.

Shangazi: "Wazima tunakunywa chai ya rangi, wafu wanakunywa mgando!"

Kisha akanigeukia. Mke wa Baba Mdogo Wilson kule Kiwira amejifungua mapacha. Wanahitaji mtu wa kushika watoto, mwaka mmoja, labda miwili. Mimi si nimekaa tu? Niondoke Jumamosi.

Jumamosi! Ile ile.

Mapacha sina ubaya nao. Nitawapenda. Ila cherehani haitanisubiri miaka miwili.

Babu aliniangalia. Akauliza kwa utaratibu kabisa, "Na wewe, mjukuu wangu, unataka?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningepita na tela.

Nikasema, "Sijui, Babu."

Kwa nini niko hivi?

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Habari ya leo ni ndefu.

Niliapa sitapita tena njia ile. Nilienda kwa njia ya juu, nikarudi kwa njia ya juu, na mvua ikaanza, nikavaa salfeti, nikakata kona — Babu! Yuko kwenye kigoda chake katikati ya migomba, mgongo kwangu, mwavuli umefunguliwa. Alikuwa amehesabu kwamba mkwe mwenye adabu, akishakutwa njia ya chini, atahamia ya juu. Na ndivyo nilivyofanya!

Nikateleza. Ndoo ikasema ngwa!

"Usiogope," akasema. "Sitageuka."

Ningefanya nini? Kukimbia na ndoo kwenye matope? Nikachuchumaa nyuma ya mgomba. Na yeye akaanza kuongea, kwa Kinyakyusa cha heshima, kile cha wazee. Sitaweza kuandika yote.

Alianza na habari. Nyumba imeezekwa bati. Maua atazaa mwezi huu. Mwanawe, yaani baba yangu, bado yuko Chunya anatafuta dhahabu, na dhahabu nayo inamtafuta, hawajaonana. Tulinagwe ni yule yule, ukiwa huko uliko na ukasikia kelele, ni yeye. Nilijiziba mdomo kwa salfeti nisicheke.

Halafu akasema kwamba zile wiki za mwisho, mama alipokuwa kitandani, yeye hakuweza kuingia. Mila ilimkataza na hakujua namna ya kuivuka. Basi akawa anapasua kuni nje ya dirisha la mama, kila siku, ili mama asikie kwamba yupo. Kuni zikajaa zizini, zikajaa jikoni, majirani wakawa wanakuja kuchukua, na yeye bado anapasua. "Sijui kama ulisikia," akasema. "Mimi nilikuwa nakusikia. Ulikuwa unaimba ukimenya ndizi. Siku usipoimba nilikuwa najua una jambo."

Sikuwa nacheka tena. Mimi sikujua kwamba mama alikuwa anaimba. Miaka kumi na moja tangu afariki, na hakuna aliyeniambia.

Miguu ilikufa ganzi. Maji ya mvua yaliingia shingoni. Nilitaka aendelee mpaka jioni.

Mwishoni akasema kuhusu mimi. Mtoto wako amemaliza shule. Ana mikono mizuri. Haongei. Nikimuuliza kitu anasema sijui Babu, sawa Babu. Tulinagwe anataka aende Kiwira kulea. Mimi sijui moyo wake, na sitaki kumpeleka mahali kama mzigo. Wewe ni mama yake, sema wewe.

Kisha akatoa maelekezo, kama mwenyekiti wa kijiji. Jumatano jioni ataweka kikombe cha mgando chini ya mgomba wa njia ya chini. Kama mama anataka niende Kiwira, akiache kama kilivyo. Kama anataka nibaki, anywe na akipindue. "Asubuhi yake nitamtuma Ikupa aje aangalie, maana mimi siwezi kusogea ulipo. Anajua kunyamaza. Huko kunyamaza amekurithi kwako."

Akainuka bila kugeuka, akafunga mwavuli, akaondoka.

Nilibaki pale mpaka ndoo ikajaa upya kwa mvua.

Jumanne, 10 Desemba

Rahisi! Nakunywa mgando, napindua kikombe, Kiwira imekufa. Na mgando wa Babu ni mtamu.

Nimefurahi hadi saa nne. Saa nne, nikiwa namenya ndizi, nikaona tatizo. Kikombe kina pande mbili tu: wima na kupinduliwa. Hakuna upande wa Bi Mwantum. Nikikipindua, nitabaki hapa hapa, nachota maji alfajiri, na nafasi itaenda kwa yule binti wa Kiwira.

Nikafikiria barua. Mzuka umwandikie Babu: mpelekeni mtoto kwa fundi Tukuyu, karibu na soko. Nikaanza hata kuandika! Karatasi ina mistari ya daftari la shule. Na mzuka wetu una adabu, hauandikii wakwe barua.

Tatizo la pili ni baya zaidi. Nimechuchumaa mbele ya Babu mara mbili. Ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Ya pili, nusu bahati mbaya. Lakini nikigusa kile kikombe nitakuwa nimeuazima mdomo wa mama bila ruhusa yake, kwa kuwa wangu naogopa kuutumia. Babu alimpa yale maneno yeye. Yale ya kuni. Hakunipa mimi.

Na nikimwambia kwamba alikuwa anaongea na salfeti? Amenyoa ndevu. Anakula sahani mbili. Anapiga mluzi zizini.

Sijui. (Ona, hata hapa nasema sijui.)

Jumatano, 11 Desemba

Doreen amekuja na simu ya kaka yake. Anataka tujifiche tumrekodi mzuka, tupate wafuasi. Amesema nisimame mbele ya kamera nieleze. MIMI! Nikamwambia kamera na mzuka, bora mzuka.

Amenitazama muda mrefu. "Siku hizi unajibu jibu," akasema. "Una nini?"

Jioni Babu ameweka kikombe. Nimemwona akikifuta kwanza ukingo kwa ncha ya koti.

Sitakigusa. Nimeamua. Najifunga shuka miguuni nisitoke usiku.

Alhamisi, 12 Desemba

Sikukigusa! Naandika haraka, Babu yuko nje.

Saa kumi na mbili na nusu aliniita. Akanipa maelezo kama vile sijui kitu: chini ya mgomba wa tatu kutoka kwenye jiwe, kuna kikombe, uangalie kimekaaje, usikiguse, uje useme. Yeye akasimama njiani, kaelekea upande wa pili.

Nikaenda. Nilikuwa nimejiandaa kukikuta kimesimama. Nilikuwa nimekubali, kwamba kikisimama basi nitafungua mdomo kabla ya Jumamosi, hata kama nitazimia.

Kikombe kimelala ubavu.

Hakijasimama, hakijapinduliwa. Kimelala! Mgando umelambwa mpaka chini, na kuzunguka kote kuna nyayo za mbwa. Za Simba, mbwa wa kina Andongwisye, ana ukucha mmoja uliopinda.

"Ikupa!" Babu akaita kutoka njiani. "Kimekaaje?"

Nikatoka. Nikasema, "Babu, kimelala ubavu. Nadhani ni mbwa." Maneno sita. Bila kuulizwa mara mbili.

Nilifikiri atasikitika. Akafikiri kidogo. Kisha akaanza kucheka taratibu, mabega yakatikisika.

"Huyo ndiye mkwe wangu," akasema. "Miaka tisa hakunijibu swali. Nimemuuliza la mtoto wake, amenirudishia swali lenyewe. Basi nimuulize mtoto."

Tukarudi nyumbani. Mlangoni akasimama. Akauliza kama Jumapili, unataka nini, mjukuu wangu, na akaniangalia. Nikasema, "Babu, subiri — navua viatu." Nikakimbilia chumbani. Viatu ninavyo bado miguuni.

Huwa naandika jambo kabla ya kulisema. Kwa hiyo:

Babu, kuna fundi Tukuyu anaitwa Bi Mwantum.

Babu, mimi nataka kushona.

Babu, nataka kujifunza kushona kwa Bi Mwantum, anataka neno lako kabla ya Jumamosi, na mapacha nitakwenda kuwasalimia, nitawashonea nguo.

Hiyo ya tatu. Ni ndefu lakini ndiyo.

Nimechungulia dirishani. Amekaa kwenye kigoda. Alikuwa ameelekea mlangoni. Sasa hivi nikiwa naandika, ameinuka, amekigeuza kigoda, amekaa tena — anaangalia zizi. Ananipa mgongo.

"Nimegeuka," anasema. Hajapaza sauti, amesema kama anaongea na migomba. "Usiwe na haraka. Sitakuangalia."

Yesu wangu. Anajua?

Hawezi kujua, macho yake yana ukungu. Lakini masikio hayana. Na ndoo ilisema ngwa, na ndoo yetu ndiyo peke yake yenye mshikio wa waya hapa mtaani. Au hajui kitu, ni mzee tu anayejua namna moja ya kumsikiliza mtu asiyeongea. Mgongo wake umetulia kabisa. Koti lina unyevu mabegani.

Kama anajua, tangu lini? Zile kuni alimwambia nani?

Shangazi amepita, amemuuliza kwa nini anatazama ng'ombe kama televisheni. Babu amemwambia nyamaza, kuna mtu anataka kusema.

Naenda. Habari ya kushona nitaisema. Ile nyingine, ya salfeti, sijaamua, na sitaki mtu aniamulie. Kwa hiyo nakuomba, daftari: la mzuka libaki kwako. Usimwambie Doreen, usimwambie Shangazi, na mtu yeyote atakayekufungua asiseme, tafadhali, angalau mpaka nijue kama huyu mzee aliyenipa mgongo hapo nje anajua.